Santuri kwenye kompyuta: programu ni swali la mwisho

Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, Wamarekani walinunua santuri nyingi kuliko CD: milioni 41 kwa milioni 33. Habari hiyo ilizunguka sana mitandaoni, na tangu hapo maboksi yaliyosahaulika juu ya makabati ya Jinja, Bombo na Kampala yamekuwa yakishushwa na kufutwa vumbi. Ndani mna Franco, mna Tabu Ley, mna bendi za Nairobi zilizoimba kwa Kiswahili, na mwenye bahati anamkuta Philly Lutaaya. Mtoto mmoja wa marehemu aliyeziacha anasema zitupwe. Wa pili amesikia kwamba ni mali ya mamilioni. Wa tatu, mwenye laptopu, anataka ziingizwe kwenye kompyuta ili ukoo mzima usikie, na ndiye anayeuliza: nipakue programu gani?

Jibu ni fupi. Pakua Audacity. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na mwanafunzi wa sekondari ataizoea kwa siku moja. Tatizo ni kwamba swali hilo limewahi mno. Kompyuta haisikii santuri. Inapokea umeme uliokwisha kupita kwenye sindano, mkono, waya na kikuza sauti, na kilichoharibika huko inakihifadhi vilevile kilivyo. Maziwa yaliyotiwa maji Mbarara hayawi mazito kwa kupakiwa kwenye boksi zuri Kampala. Kwa hiyo tuanzie kwa ng'ombe.

Kinachotokea chini ya sindano

Kila upande wa santuri una mfereji mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kujizungusha hadi karibu na lebo. Kuta za mfereji zimechongwa mawimbi: ukuta mmoja umebeba sauti ya kushoto, wa pili ya kulia. Sindano, ambayo siku hizi ni chembe ya almasi kwenye ncha ya kijiti chembamba, inapita humo ikitikiswa. Kartriji, yaani kile kidude kinachoishika sindano mbele ya mkono, inageuza mtikisiko huo kuwa umeme. Kwenye kartriji nyingi nzuri kazi hiyo inafanywa na sumaku ndogo inayocheza karibu na koili za waya.

Umeme unaotoka hapo ni kidogo ajabu, milivolti 5 hivi. Pleya ya CD inatoa hadi volti 2, yaani mara 400. Ndiyo maana mtu akichomeka waya za pleya ya santuri moja kwa moja kwenye laptopu anasikia sauti ya mbali, nyembamba, isiyo na besi hata kidogo, kisha anatangaza kwamba santuri za babu zimechakaa.

Hazijachakaa. Sauti imerekodiwa hivyo makusudi. Besi ikichongwa ilivyo, mawimbi yake yanakuwa mapana kiasi cha kumeza nafasi yote, na upande mzima usingebeba nyimbo nyingi. Kwa hiyo mafundi wa kiwandani huishusha besi kabla ya kuchonga. Sauti za juu, kama matoazi, wao huzipandisha, ili wakati wa kucheza zikishushwa tena, mchakacho wa santuri yenyewe ushuke pamoja nazo. Zamani kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kushusha na kupandisha. Mwaka 1954 chama cha makampuni ya muziki ya Marekani, RIAA, hichohicho kinachotoa hesabu za mauzo nilizozitaja juu, kiliweka kipimo kimoja, na dunia ikakifuata. Kwa kipimo hicho besi ya chini kabisa inapunguzwa karibu desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na sauti za juu kabisa zinaongezwa kiasi kama hicho.

Chombo kinachorudisha mambo mahali pake kinaitwa kikuza sauti cha fono. Kina kazi mbili: kukuza ule umeme mdogo, na kuigeuza hesabu ya RIAA ili besi irudi. Kinaweza kuwa ndani ya amplifaya ya zamani, kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Kinaweza kuwa ndani ya pleya yenyewe. Tazama nyuma kama kuna swichi ya PHONO na LINE. Kinaweza pia kuwa kiboksi kidogo cha kununua pembeni. Popote kilipo, sauti ipite humo mara moja, na mara moja tu. Isipopita, utapata ule wembamba. Ikipita mara mbili, kwa mfano pleya iko kwenye LINE halafu ukaichomeka kwenye tundu la PHONO, utapata mngurumo wa besi na sauti iliyopasuka. Malalamiko mengi niliyowahi kusikia kuhusu "santuri mbovu" yanaishia kwenye swichi hiyo.

Tundu dogo la laptopu nalo liache. Kwenye laptopu nyingi ni la hedifoni na maikrofoni ya simu, nayo maikrofoni hiyo ni ya upande mmoja, kwa hiyo kushoto na kulia vinabanwa kuwa kitu kimoja. Nunua kadi ya sauti ya nje inayoingia kwa USB. Ziko za bei nafuu, na baadhi, kama Behringer UFO202, zina kikuza sauti cha fono humohumo.

Mkono, sindano na sarafu ya shilingi mia tano

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapokimbia.

Anza na meza. Iwe imara na iliyosawazika. Simu nyingi zina kipimo cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Usiiweke pleya juu ya spika wala kwenye meza moja na spika, maana mtetemo wa spika utarudi kwenye sindano na kurekodiwa. Wakati wa kurekodi mimi huzima spika kabisa na kusikiliza kwa hedifoni.

Kisha mkono. Pleya yenye uzani wa kuzungusha nyuma ya mkono inataka kupimwa hivi: vua kifuniko cha sindano kwa uangalifu, zungusha uzani wa nyuma polepole mpaka mkono uelee wenyewe hewani, haupandi wala haushuki. Hapo ndipo sifuri. Geuza pete ya namba isome sifuri bila kuugusa uzani, kisha zungusha vyote pamoja hadi kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa kartriji. Kartriji nyingi za sumaku zinataka gramu 1.5 hadi 2. Kitufe cha pembeni kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati kiweke namba hiyohiyo. Pleya ndogo za sanduku hazina marekebisho haya. Zimefungwa kiwandani, na zile zenye kartriji ya kauri hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi. Zinacheza, sikatai. Lakini santuri ambayo haipatikani kwingine usiipitishe humo mara kwa mara.

Sasa ile sarafu. Karibu kila aliyekua na pleya nyumbani amewahi kuona sarafu imebandikwa kwa selotepu juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke. Sarafu yetu ya Uganda ya shilingi 500 ina uzito wa takriban gramu 9. Ukiiweka juu ya kartriji iliyotengenezwa kwa gramu 2, umeipa zaidi ya gramu 10, na sindano inaacha kusoma kuta, inazikwangua. Matoazi ndiyo yanayoanza kufa. Nyumba nyingi zina santuri ambazo upande mmoja unang'ara na wa pili, ule wenye wimbo uliopendwa, unachakacha kama mahindi kikaangoni. Sarafu ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Wengine, kwa kuogopa kuharibu, wanapunguza uzito chini ya kipimo. Hilo nalo ni kosa, labda baya zaidi. Sindano iliyo nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta kila mara. Inaporuka, tafuta sababu: uchafu, meza iliyoinama, mkunjo kwenye santuri, au sindano iliyokwisha. Sindano ya kawaida inatosha saa 500 hadi 1,000 za kucheza, na ya kurithi huwezi kujua imecheza ngapi. Badilisha tu. Kama una fedha za kitu kimoja, acha kila kingine ununue sindano mpya.

Itazame pia kwa kamera ya simu ikiwa karibu sana. Kwenye pleya iliyokaa sebuleni miaka utaona kijivu kimeizunguka almasi, kama pamba ndogo, chenye nyuzi za zulia ndani yake. Kisugue kwa brashi laini kavu, kutoka nyuma kuja mbele tu. Ukipiga brashi kinyume au kwa pembeni, kijiti kinavunjika.

Kuna kipimo kingine, cha kartriji kukaa katika pembe sahihi, kinachofanywa kwa karatasi yenye mistari inayopatikana bure mtandaoni. Ukiipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapishaji wa Kampala, kuchapisha, mwambie kijana wa mashine asiruhusu kompyuta "kuitosheleza" kwenye ukurasa, kisha pima kwa rula kabla ya kulipa. Ikipungua hata kwa milimita chache, haina kazi.

Pleya iliyotoka Boston

Waganda ni wengi upande wa Boston, na shangazi wa huko akisikia mnatafuta pleya atawatumia. Itakuja ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 240 bila transfoma, mtasikia harufu kabla ya muziki.

Transfoma inatatua volti lakini haigusi hezi. Umeme wa Marekani unapigapiga mara 60 kwa sekunde, wetu 50. Baadhi ya pleya za santuri za zamani, zile ambazo sahani yake inazungushwa kwa mkanda wa mpira, zina mota inayofuata mapigo hayo, na kwetu zitazunguka polepole kwa moja ya sita. Badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika utapata chini ya 28, na mwanamke ataimba kwa sauti ya mwanaume. Nyingi za kisasa zina mota isiyojali mapigo ya umeme, lakini usikisie. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani na uhesabu: kwa mwendo wa 33⅓ kinatakiwa kupita mara 100 kwa dakika 3, kwa mwendo wa 45, mara 45 kwa dakika moja.

Hezi 50 hizohizo ndizo unazozisikia kama mvumo mzito kabla wimbo haujaanza. Pleya nyingi zina waya mwembamba wa ethi wenye kidole cha chuma. Ufunge kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya au ya kikuza sauti. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Chaja za bei rahisi zina kelele nyingi, na mara nyingi tiba inaishia hapo. Betri ina faida nyingine ambayo mkazi wa Kampala hahitaji kuelezwa: umeme ukikatika katikati ya upande, pleya itasimama, lakini pande ulizokwisha kurekodi hazipotei.

Kuosha

Vumbi letu jekundu ni gumu, na hewa ya karibu na Ziwa Victoria inaleta ukungu kwenye makasha. Brashi laini inatosha kwa vumbi la juu. Kwa uchafu wa miaka tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke yenye tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mfereji, halafu suuza kwa maji hayohayo bila sabuni na usimamishe zikauke kivulini. Lebo isilowe. Maji hayo yanauzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, ila soma chupa vizuri, kwa sababu pembeni yake huuzwa asidi ya betri.

Ukikuta santuri nzito, nene, zinazovunjika zikianguka, zilizoandikwa 78, hizo ni za kabla ya plastiki, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki. Usizipake spiriti kamwe, inaziyeyusha. Zinahitaji pia sindano pana karibu mara nne kuliko ya kawaida. Pleya yako ikiwa haina mwendo wa 78, weka hiyo sindano pana, rekodi kwa 45, kisha uiambie Audacity ibadilishe mwendo kutoka 45 kwenda 78.

Sasa tuje kwenye kompyuta

Kurekodi kidijitali ni kupima. Kwa kipimo cha CD kompyuta inalipima wimbi mara 44,100 kwa sekunde na kuandika namba kila mara. Wauzaji wanapenda kuwaambia watu kwamba 96,000 au 192,000 ndiyo yenye sauti "ya juu". Kwa santuri za familia, zilizochezwa kwenye sherehe na mikutano ya vijana, tofauti hiyo hutaisikia, utaiona tu diski ikijaa. Mimi hutumia 48,000 kwa biti 24, yaani urefu wa kila namba inayoandikwa. Hizo biti 24 zina sababu: zinakuruhusu kurekodi kwa sauti ya chini bila kupoteza kitu, na sauti ya chini ndiyo usalama wako.

Usalama dhidi ya nini? Kwenye kaseti ukipandisha sauti kupita kiasi inachafuka kidogo kidogo. Kwenye kompyuta inakatwa. Kila kilichozidi sifuri kwenye mita kinafutwa, na hakuna programu itakayokirudisha. Tafuta sehemu yenye kelele kuliko zote kwenye santuri, kwa kawaida pale tarumbeta na ngoma zinapoingia pamoja, urekebishe mpaka mita isipite desibeli 6 chini ya sifuri. Ukiona 10 chini, sawa pia. Kisha rekodi upande mzima bila kusimamisha, kuanzia sindano inapogusa hadi inapofika lebo.

Kwa kipimo hicho kila dakika inakula MB 17 hivi, kwa hiyo albamu ya dakika 40 inakaribia MB 700. Ukiihifadhi kama FLAC, aina ya faili inayobana sauti, inapungua sana, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kupoteza chochote. MP3 ni ya kutumia, haifai kuwa nakala yako ya pekee.

Baada ya hapo kuna kishawishi cha "kusafisha". Audacity ina kifaa cha kuondoa milio ya mikwaruzo na kingine cha kupunguza mchakacho. Cha kwanza kitumie kwa mkono mwepesi. Cha pili kikizidi, sauti ya mwimbaji inakuwa kama inatoka chini ya maji, na gitaa za soukous, muziki wa dansi wa Kongo, ambazo utamu wake wote uko juu, zinapoteza ncha. Mchakacho kidogo hauui mtu. Na kabla ya kugusa chochote, weka nakala ghafi pembeni.

Santuri ndogo za 45 za Kongo na Nairobi zina fumbo lao. Upande mmoja unabeba dakika chache tu, na wimbo wenye sebene ndefu, ile sehemu ya gitaa ya kucheza, hautoshi. Kwa hiyo waliukata: maneno upande wa kwanza, sauti ikififia pale watu wanapoanza kuinuka, na sebene upande wa pili. Kwenye kompyuta unaweza kuziunganisha. Hifadhi kila upande kivyake kwanza. Halafu kwenye nakala nyingine tafuta mahali ambapo sehemu ya pili inarudia mapigo machache yaliyosikika mwishoni mwa ya kwanza; baadhi zinarudia, baadhi hazirudii. Zinazorudia unazilaza moja juu ya nyingine, ukilinganisha pigo la ngoma kwa macho kwenye wimbi, na kuivusha sauti taratibu. Zisizorudia waachie wasikilizaji pengo fupi. Usitengeneze pigo ambalo bendi haikulipiga.

Majina ya faili ni kazi inayodharauliwa. Piga picha lebo zote mbili. Andika mwimbaji, bendi, mtunzi aliyewekwa kwenye mabano, kampuni, namba ya santuri, na ile namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo. Mwaka usipoandikwa, usiubuni. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, msimamizi wa zamani wa Makumbusho ya Uganda aliyerekodi muziki sehemu nyingi za nchi hii, na kinachowasaidia watafiti hadi leo ni kwamba sauti zake zina maelezo: ni muziki gani, wa wapi, nani anapiga. Faili iitwayo "Track 01" haimsaidii mjukuu.

Jina la mtunzi lina uzito mwingine. Kumiliki santuri ni kumiliki kile kipande cha plastiki. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kujirekodia usikilize nyumbani ni jambo moja. Kuupandisha YouTube na kula matangazo ni jambo jingine, hata kama santuri ni ya babu yako mzaa mama.

Ukimaliza, weka nakala kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Santuri zenyewe zisitupwe: zisimamishwe wima, mbali na joto la mabati, kwa sababu miaka kumi ijayo mtu mwenye sindano nzuri zaidi anaweza kutaka kurudia kazi yako. Na kwenye kundi la familia tuma MP3. FLAC itammalizia shangazi MB zake zote kabla hajafika kwenye sebene.